William si jina la Kikristo

SWALI: Mwanangu anaitwa William, jina la babu yake ambaye kwenye vyeti vyake vya zamani aliandikwa Wilhelm. Wifi yangu aliyeko Bujumbura anamwita Guillaume. Je, hili ni jina moja la Kikristo au ni matatu tofauti? Na tuandike William au Wiliamu? – Mama William, Mwanza

JIBU: Ni jina moja, Mama William. Limeungwa kwa maneno mawili ya Kijerumani cha kale: willo, yaani nia, na helm, kofia ya chuma ya vitani. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, waliingia nalo Uingereza walipoiteka mwaka 1066, maana hata kiongozi wao aliitwa hivyo. Wafaransa waliigeuza w ya Kijerumani kuwa gu, wakapata Guillaume. Waitaliano wana Guglielmo, Wahispania Guillermo. Liam nalo ni kipande cha jina hilohilo kwa umbo la Kiayalandi.

Hayo yamekwisha. Sasa turudi kwenye hilo “la Kikristo” ulilolipachika, na si wewe peke yako. Mtoto anaandikishwa shule, mwalimu anauliza, “Jina la Kikristo?” Mzazi anajibu, “Baraka.” “Hilo ni la nyumbani, la Kikristo je?” Mzazi akitaja William, mwalimu anaridhika na kuandika.

Fungua Biblia, anza Mwanzo, maliza Ufunuo. Hamna William. Hamna Henry, hamna Robert, hamna Edward wala Richard. Hayo ni majina ya makabila ya Kijerumani, na mtindo wa kuyaunga ulikuwapo kabla makabila hayo hayajaisikia Injili. Mtazame Gertrude: ger ni mkuki, na kipande cha pili ni nguvu. Bibi zetu wangapi waliambiwa majina ya ukoo wao ni ya kipagani, wakavuliwa siku ya ubatizo na kukabidhiwa mkuki wa wapagani wa Ulaya! Hilo linaniuma kuliko kosa lolote la ngeli.

Chukua jina la rais wa tatu wa Tanzania, Benjamin William Mkapa. Benjamini ni kitindamimba wa Yakobo, yumo katika kitabu cha Mwanzo. William hana hata mstari mmoja. Lakini vinywani mwa watu yote mawili ni “ya Kikristo”, na Mkapa peke yake ndilo “la kienyeji”.

Nitaambiwa wapo watakatifu walioitwa William. Wapo, kama yule wa Gellone, mpiganaji wa zama za Karolo Mkuu, mfalme wa Wafaranki, aliyeishia kuwa mtawa. Utakatifu aliupata mwenyewe; jina alilikuta kwa wazee wake.

Na Kanisa Katoliki lenyewe limeshasogea. Sheria yake ya mwaka 1917 ilimtaka paroko ahakikishe anayebatizwa anapewa jina la Kikristo, na ikishindikana aongeze la mtakatifu. Sheria ya 1983, kanuni ya 855, inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Kwa kipimo hicho Neema, Imani na Tumaini yanapita bila kuulizwa, na kwa maana yake yako karibu na Injili kuliko kofia ya chuma.

Kwa hiyo, ukikusudia jina mtu alilobatizwa nalo, sema jina la ubatizo. Ukikusudia limetoka Ulaya, sema jina la Kizungu. “Jina la Kikristo” kwa maana ya jina lolote la Kizungu ni kosa, na mwalimu anayelitumia kumkatalia mtoto Baraka wake anamdhulumu.

Kuhusu tahajia, kwenye nyaraka fuata cheti cha kuzaliwa: kama ni William, liwe William kila mahali, kwani herufi moja ikizidi itamsumbua kwenye vyeti vya shule. Nyumbani Wiliamu ni Kiswahili safi, kwa kuwa lugha yetu hupenda neno liishie kwa irabu. Wifi naye aendelee na Guillaume wake.