Kuanza na dozi kubwa ya sindano ya kupungua
Dada wa Moshi unayeuliza kama uanze na miligramu 1 ya semaglutide, dawa ya sindano ya kupunguza uzito, ili gauni la sendofu likuenee: hapana. Semaglutide ya kupunguza uzito huanza na miligramu 0.25 mara moja kwa wiki, wiki 4, kisha 0.5, inapanda hivyo taratibu hadi 2.4. Mimi nilipofika 0.5 tu, bakuli la mtori wa mama lilinishinda kijiko cha tatu, kichefuchefu siku mbili! Unachoma chini ya ngozi, tumboni au pajani, na kila wiki unahamisha sehemu. Kalamu mpya, yaani sindano yenyewe yenye umbo la kalamu, ikae kwenye friji ila isigande. Ukiwa na mimba au unatafuta mtoto, usiguse. Za kuuziwa bila cheti cha daktari, hata kama ni bei ya kutupa, achana nazo.