Bakteria huanzaje kunakili DNA yake?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kitabu changu kinasema bakteria E. coli huchukua dakika kama 40 kunakili kromosomu yake, kisha kinasema akipata chakula tele hugawanyika kila dakika 20. Hesabu inanikataa. Tena, kromosomu yake ni duara. Anajuaje pa kuanzia?
– Mwanafunzi wa biolojia

JIBU: Marahaba. Wengi huzisoma namba hizo mbili wakaenda zao, kwa hiyo nimefurahi umezikamata.

Tuanze na mahali. Duara hilo lina jozi za besi (herufi za DNA: A, T, G na C) kama milioni 4.6, lakini kazi huanzia kipande kimoja cha jozi 245 hivi kiitwacho oriC. Protini ya DnaA, ikiwa imebeba ATP (molekuli ya nishati), hujikusanya hapo na kuipinda DNA hadi nyuzi mbili ziachane. Huachania penye A na T nyingi, kwa kuwa hizo hushikana kwa bondi mbili za haidrojeni, ilhali G na C hushikana kwa tatu. Kisha DnaC huleta DnaB, kimeng'enya kinachoendelea kuzifungua nyuzi, na mitambo ya kunakili huondoka kuelekea pande zote mbili. Hayo mengine kitabu chako kimeyaeleza vizuri.

Ambacho vitabu hukipitia juu juu, na mimi hukipenda kuliko vyote, ni breki. Uzi mpya huwa bado haujawekewa alama za kemikali ziitwazo methili penye herufi GATC. Wa zamani unazo. Protini ya SeqA huitambua DNA ya namna hiyo, ikaifunika oriC, na DnaA ikakosa pa kushika kwa muda. Wakati huohuo ATP ya DnaA huvunjwa kuwa ADP. Bila hivyo bakteria angeanza kunakili upya ovyo.

Sasa hesabu yako. Dakika 40 ni urefu wa safari moja; haziamui safari zianze kila baada ya muda gani. Aliyeshiba huanzisha nyingine kila dakika 20, ya kwanza ikiwa bado njiani. Wanasayansi Cooper na Helmstetter walilifafanua hilo mwaka 1968, wakaongeza kwamba kunakili kukiisha hupita dakika 20 hivi kabla ya seli kugawanyika. Jumla 60. Rudi nyuma vizazi vitatu vya dakika 20: DNA inayogawanywa sasa ilianza kunakiliwa na bibi wa seli hiyo.