Kifafa cha mbwa: maswali yenu

Mbwa wangu wa miaka 3 huanguka, hukakamaa, hutoa povu na kujikojolea. Jirani anasema nimtie kijiko mdomoni. (Arua)

Usimtie kitu. Mbwa hamezi ulimi wake, ila atakung'ata bila kujua. Ondoa viti, mzuie asibiringike ngazini, zima redio, kisha tazama saa. Mara nyingi kifafa humwachia ndani ya dakika 2. Kikizidi dakika 5, au kikirudi mara 2 ndani ya saa 24, mkimbize kwa daktari wa mifugo: joto la mwili hupanda na ubongo huumia. Ila kama hajachanjwa kichaa cha mbwa, amebadilika tabia na kumeza kunamshinda, asiguswe na mtu. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Tangu aanze fenobabitali, dawa ya kifafa, anayumba kama mlevi. Nimpunguzie? (Bombo)

Hapana. Kuyumba, kiu na ulafi ni kawaida wiki 2 za mwanzo. Kuyumba hupungua, ulafi huwa haupungui sana. Dozi ya kuanzia ni miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo, kila baada ya saa 12. Mbwa wa kilo 20 hupata kidonge kimoja na nusu cha miligramu 30 saa moja asubuhi, na vivyo hivyo saa moja jioni. Damu ipimwe baada ya wiki 2 au 3, halafu kila miezi 6 pamoja na ini. Nunua kabla kopo halijaisha: dawa ikikatika ghafla, kifafa hurudi kwa kishindo.

Ameongezewa dawa ya pili ya kifafa, potasiamu bromaidi. Anakula posho na dagaa. (Busia)

Tatizo ni chumvi. Ikizidi, figo huitoa bromaidi kwenye mkojo. Ikipungua ghafla, bromaidi hurundikana na miguu ya nyuma hulegea. Dagaa wa chumvi wiki hii, wasio na chumvi wiki ijayo, ndio mtego wenyewe. Shika aina moja, kikombe kilekile.

Mtoto wa mbwa wa miezi 3 anatetemeka. Ni kifafa? (Mbale)

Tunashuku kwanza sumu, distempa (ugonjwa wa virusi wa mbwa) au sukari ya damu kushuka. Kifafa cha kurithi huanza kati ya miezi 6 na miaka 6.

Naweza kumpa sharubati ya kifafa ya mwanangu? (Jinja)

Usimpe. Baadhi zina zailitoli, utamu unaoporomosha sukari ya mbwa, na hilo tu latosha kumwangusha.