Usiifute Namba ya Katikati: Ushauri kwa Anayeanza Utafiti wa Vimeng'enya

Wiki iliyopita jarida moja la kisayansi liliniarifu kwamba limeikubali makala yangu kuhusu G6PD, kimeng'enya (yaani protini inayoharakisha kazi za kikemikali mwilini) kilichomo katika damu, na furaha haijatulia nikapokea ujumbe wa mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyetaka kujua afanye nini ili utafiti wake upokelewe na wakubwa. Nitamjibu kwa kirefu, kwa kuwa najua wengi wenu mnaiwazia shahada ya uzamivu kama nilivyoiwazia mimi.

G6PD huiwezesha chembe nyekundu ya damu kutengeneza molekuli iitwayo NADPH, ambayo huikinga chembe hiyo isiharibiwe na kemikali zenye kuoksidisha. Mwenye upungufu wa kimeng'enya hiki anaweza kuishi miaka mingi bila kujua, mpaka apewe dawa ya malaria iitwayo primakwini, ndipo chembe zake zinapoanza kupasuka, macho yakawa ya manjano na mkojo ukawa mweusi. Paul Carson na wenzake nchini Marekani ndio waliobainisha chanzo cha tatizo hilo mwaka 1956, na mwaka 1960 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alichapisha matokeo yake kuhusu upungufu huo kwa watu wa Afrika Mashariki. Jambo hili basi si geni kwetu, ingawa wapo wanaolizungumzia utadhani limezuka juzi.

Miezi ya kukusanya damu vijijini nairuka. Ilikuwa vumbi, fomu za ridhaa na visanduku vya baridi. Kazi yenyewe ilianzia maabara, ambako spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa na sampuli, husoma kasi ya kuongezeka kwa NADPH kwenye urefu wa mawimbi wa nanomita 340, kisha matokeo hulinganishwa na kiasi cha himoglobini kilichomo katika sampuli. Joto likipanda, kimeng'enya huharakisha kazi, na mtu mwenye upungufu anaweza kuonekana nafuu kuliko alivyo. Kwa sababu hiyo niliandika joto la kila kipimo, saa ya kutoa damu, jinsia na umri. Wenzangu walinicheka, wakasema ninaandika kama karani wa mahakama.

Siku ya kuwasilisha matokeo, mtafiti mmoja mwenye cheo alisimama mbele ya ukumbi na kusema kwamba namba zangu za katikati, zile ambazo hazikuwa za upungufu mkubwa wala za watu wenye kiwango cha kawaida, ni uchafu wa maabara na ziondolewe kabla sijathubutu kuziita matokeo. Watu walicheka. Bado nakisikia kicheko kile, na sioni sababu ya kujifanya nimekisahau.

Nilichofanya ni kurudi kwenye daftari. Joto halikuwa limebadilika siku zile, sampuli hazikuwa zimekaa muda mrefu, na namba za katikati zilikuwa, karibu zote, za wanawake. Hapo nikajua nimesimama mahali imara. Jeni ya G6PD iko kwenye kromosomu X. Mwanamume huwa na X moja tu, hivyo kwa kawaida huangukia upande mmoja au mwingine. Mwanamke aliyerithi jeni nzima kwa mzazi mmoja na yenye kasoro kwa mwingine huwa na chembe za aina mbili katika damu ileile, kwa kuwa kila seli huzima X moja, kama alivyoeleza mtaalamu wa jenetiki Mary Lyon mwaka 1961 na daktari wa damu Ernest Beutler akaonyesha kwa kimeng'enya hikihiki mwaka uliofuata. Wanawake hao ndio wanaoweza kudhurika wakipewa tafenokwini, dawa nyingine ya malaria ambayo mgonjwa haruhusiwi kupewa kama kiwango chake cha G6PD hakizidi asilimia 70 ya kawaida. Kuzifuta namba zao kungekuwa kuwafuta wao.

Ndugu msomaji, usikubali kufuta namba kwa sababu tu aliyekuamuru ana kiti kikubwa. Kwanza uliza namba hiyo ni ya nani, imepimwa lini na katika joto gani. Andika. Kisha andika tena. Kumbuka pia kwamba mgonjwa ambaye damu yake imetoka kupasuka huwa na chembe changa nyingi, na chembe changa zina kimeng'enya kingi zaidi, kwa hiyo kipimo cha wiki hiyo kinaweza kumpa cheti cha uzima asichostahili. Asiyeandika tarehe ya ugonjwa hatalijua hilo kamwe, hata awe na mashine ya bei gani, na kizazi hiki kinachopenda mashine kuliko daftari kinanitia mashaka.

Mwanafunzi yule aliyeniandikia ameuliza pia kama utafiti wa homoni ni rahisi kuliko wa vimeng'enya. Hapana, ila kinachoandikwa hubadilika. Kotisoli, homoni ya msongo, hupanda karibu na muda wa kuamka na kushuka usiku, kwa hiyo saa ya kutoa damu peke yake haitoshi. Uliza pia alilala lini na kama anafanya kazi za zamu. Mlinzi aliyetolewa damu saa 2 asubuhi anatoka lindoni, wakati mwalimu aliyeketi kando yake ndiyo kwanza ameamka. Ukiwaweka wote wawili kwenye safu moja ya jedwali bila maelezo hayo, mhakiki wa jarida atakuwa na haki ya kukurudishia kazi yako.