Mafua ya ndege: hiyo nusu inayokufa ni nusu ya nani?

Swali: Daktari, salaam aleikum. Nina mkahawa mdogo Langoni, hapa Amu, napika wali na kuku. Tangu televisheni itangaze kwamba mafua ya ndege yanaua nusu ya watu yanaowapata, wateja hawaishi kuniuliza kuku wametoka wapi, na wengine wamehamia kwa samaki. Mwanangu hataki hata kukaribia banda la jirani. Hiyo nusu ni kweli? Na inapatikanaje?

Jibu: Aleikum salaam, mama. Namba yenyewe haikubuniwa. Tangu 2003 Shirika la Afya Duniani limepokea taarifa za watu zaidi ya 900 waliothibitishwa kuwa na kirusi cha H5N1, ndicho kinacholeta mafua haya ya ndege, na karibu nusu yao walifariki. Ambalo hukuambiwa ni vipi hao 900 walijulikana. Wengi walifikishwa hospitali wakiwa hoi, ndipo wakapimwa. Aliyeumwa kidogo, akalala kwake siku tatu, akainuka, hakupimwa na hayumo katika hesabu. Kule Marekani, kuanzia 2024 hadi mapema 2025, walipofuatilia wafanyakazi wa mashamba ya ng'ombe na kuku walithibitisha wagonjwa 70 hivi. Wengi walikuwa na macho mekundu na mafua mepesi, na aliyefariki ni mmoja. Kirusi cha huko kina tofauti na vile vya Asia, hilo nalikubali, lakini na wanaopimwa pia si wale wale.

Wewe ni mtu wa Amu, kwa hivyo 2004 huwezi kuisahau, mwaka wa chikungunya, watu walipokuwa wakitembea wameinama kwa maumivu ya viungo. Waliofika hospitali walikuwa sehemu tu. Damu ya watu ilipokuja kupimwa Oktoba mwaka huo, ilionekana kwamba watu 75 kati ya kila 100 waliambukizwa, yaani kama 13,500. Ungehesabu waliolazwa peke yao, ungepata picha ya ugonjwa mwingine kabisa.

Sasa tazama mafua mapya ya 2009, yale yaliyoitwa homa ya nguruwe. Tarehe 29 Aprili, Mexico ilikuwa na wagonjwa 26 waliothibitishwa na maabara, na kati yao 7 walikuwa wamekufa. Piga hesabu: ni watu 27 kwa kila 100. Siku hizo hizo magazeti yalikuwa yakitaja vifo zaidi ya 150, vingi vikiwa vya kushukiwa tu. Ilipofika 11 Juni, duniani kulikuwa na wagonjwa 28,774 katika nchi 74, na vifo 144, yaani kama mmoja kwa kila 200. Wiki sita tu zilikuwa zimepita. Kirusi ni kile kile, ila wagonjwa wepesi walianza kupimwa, na idadi ya wagonjwa, ile ambayo vifo hugawanywa kwayo, ikapanda. Siku hiyo hiyo ya 11 Juni ugonjwa ulitangazwa kuwa janga la dunia nzima, na wengi wakaelewa kwamba umekuwa mkali zaidi. Tangazo lile lilihusu kuenea kwake, si ukali wake.

Naomba usichukue maneno yangu ukasema kumbe ni uvumi mtupu. Hesabu hukosewa upande wa pili pia. Janga lile lilipotangazwa kwisha Agosti 2010, vifo vilivyothibitishwa na maabara vilikuwa 18,449. Watafiti walipokadiria baadaye na wale waliokufa bila kupimwa, mwaka wa kwanza peke yake ulipata kati ya 151,700 na 575,400. Wengi wao hawakuwa wazee, 80 kati ya 100 walikuwa chini ya miaka 65. Huzuni yangu ni kwamba habari hiyo ilikuja wakati kamera zilikuwa zimeshaondoka, na wajawazito, ambao walikuwa hatarini zaidi, walihitaji kuambiwa mapema.

Kuhusu biashara yako: 2005 na 2006 wafugaji wa Kenya walipoteza wateja kwa hofu hii hii, na hakuna kuku hata mmoja wa hapa nchini aliyethibitishwa kuwa na mafua hayo wakati ule. Kuku aliyeiva mpaka ndani, nyuzi joto 70 na zaidi, hana kirusi kilicho hai. Hatari iko kwa anayemchinja na kumnyonyoa ndege mgonjwa. Kwa hivyo nunua kuku mzima, ubao wa nyama mbichi usiukatie kachumbari, na msaidizi wako anawe kwa sabuni kila amalizapo kunyonyoa. Aliyekufa mwenyewe ni nyamafu, na hilo huhitaji daktari kukwambia.

Mwanao naye mwambie banda la jirani halina neno maadamu kuku wanadonoa na kutembea. Akiona wamekufa wengi kwa siku moja mbili, asiwaguse. Mara nyingi huwa ni kideri, lakini wa kuthibitisha ni afisa wa mifugo, basi apigiwe siku hiyo hiyo.