Maswali ya Wasomaji: Orodha Inayojisogeza Yenyewe

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandika programu ya kompyuta ya mezani inayonakili mafaili na kuonyesha kila hatua katika kisanduku cha orodha. Mistari mipya ilikuwa ikiingia chini huku orodha ikibaki pale pale juu, hivyo nikaiamuru iende mwisho kila mstari unapoongezwa. Sasa watumiaji wananilalamikia kwamba hawawezi kusoma kosa lililotangulia. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, amri ya kusogeza orodha ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii, na umekwisha kuipata. Kwa wengine wanaoitafuta, kila zana ya kutengenezea madirisha ya programu ina amri yake: katika Windows Forms, ListBox husogezwa kwa kuipa TopIndex namba ya mstari wa mwisho, na ListView kwa EnsureVisible, Swing ina ensureIndexIsVisible, Qt ina scrollToBottom, na Tkinter ina see.

Malalamiko ya watumiaji wako ndiyo yenye uzito. Mtu ameona mstari wa 412 ukisema kwamba faili fulani halikufunguka, akapanda juu kuutafuta, akaanza kusoma anwani ya faili lenyewe. Kabla hajafika mwisho wa anwani, mstari wa 431 unaingia na orodha nzima inashuka, na inambidi aanze kutafuta upya. Programu imempokonya alichokuwa anasoma, na kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko orodha isiyosogea kabisa.

Orodha basi imfuate mtumiaji aliye mwishoni tu. Kabla ya kuongeza mstari, angalia kama mwisho wa orodha unaonekana, hifadhi jibu, ongeza mstari, kisha sogeza ikiwa jibu lilikuwa ndiyo. Utaratibu huo usiugeuze, kwa sababu mstari mpya ukishaingia mwisho wenyewe unakuwa umehama, na ukiuliza wakati huo utajibiwa hapana hata kwa mtu aliyekuwa chini kabisa. Katika Qt, linganisha thamani ya mwambaa wa kusogezea na kiwango chake cha juu. Katika Swing, jumlisha thamani ya mwambaa na sehemu inayoonekana, uone kama jumla inafikia kiwango cha juu. Katika Tkinter, yview hurudisha namba mbili, na ya pili ikiwa 1.0 basi uko mwisho. Kwa ListBox utajumlisha TopIndex na idadi ya mistari inayoenea katika kisanduku, uone kama jumla inafikia idadi ya mistari yote. Ruhusu upungufu wa mstari mmoja hivi, maana mara nyingi mstari wa mwisho huonekana nusu tu. Mtumiaji akijirudisha chini mwenyewe, ufuatiliaji unaanza tena bila kubonyeza chochote, ingawa mimi hupenda kumwekea pia kitufe kidogo cha «Nenda mwisho» aliyepanda mbali.

Wanaotumia WPF, zana nyingine ya Windows, wajihadhari na ScrollIntoView, ambayo hupokea kipengee chenyewe badala ya namba yake. Orodha ikiwa na maandishi peke yake, na neno «Imekamilika» likajirudia mara 30, utakapoomba lile la mwisho huenda ukapelekwa kwenye la kwanza, kwa kuwa yote yanahesabiwa kuwa sawa. Dawa ni kuupa kila mstari kitu chake chenyewe kinachobeba maneno hayo.

Kwa kuwa unanakili mafaili, bila shaka kazi hiyo inafanyika katika uzi wa nyuma (thread), yaani mkondo wa kazi ulio kando na ule unaochora dirisha. Usiiguse orodha kutoka huko; peleka mistari kwenye uzi wa kiolesura, ule unaochora dirisha, kwa BeginInvoke katika Windows Forms au invokeLater katika Swing. Wala usisogeze kwa kila mstari: kusanya mistari ya milisekunde 100, iongeze yote kwa pamoja (katika Windows Forms, kati ya BeginUpdate na EndUpdate), kisha usogeze mara moja. Na ukifuta mistari ya zamani ili kuokoa kumbukumbu, mkumbuke tena yule anayesoma, kwani mistari 100 ikiondolewa juu na orodha ikashikilia namba ile ile ya mstari wa juu unaoonekana, maandishi aliyokuwa akiyatazama yatapanda kwa mistari 100. Punguza namba hiyo ya mstari wa juu kwa idadi hiyo hiyo.

SWALI: Ninapoburuta kipengee hadi ukingo wa chini wa orodha, orodha husogea kidogo kisha husimama, mpaka nitikise kipanya. Tatizo ni nini?

JIBU: Umeweka amri ya kusogeza ndani ya tukio la mwendo wa kipanya, na kipanya kikitulia tukio hilo halitokei tena. Washa kipima muda cha milisekunde 50 hivi pindi kipanya kinapoingia katika ukanda wa karibu na ukingo, nacho ndicho kisogeze orodha mstari mmoja kwa kila pigo, au zaidi kadiri kipanya kinavyokaribia ukingo. Qt hufanya hivyo yenyewe ukiwasha setAutoScroll, na ukanda wake, usipoubadilisha, ni wa pikseli 16. Ukijitengenezea mwenyewe, kizime kipima muda kitufe cha kipanya kinapoachiliwa, na pia pale uburutaji unapokatishwa kwa Esc au dirisha jingine linapojitokeza ghafla, la sivyo orodha itaendelea kujisogeza hata baada ya mtu kuondoa mkono wake.