Ufadhili wa binti yetu umezidi ada: je, tumepoteza nafuu ya kodi?

SWALI: Mimi na mume wangu ni wakaazi wa kudumu wa Marekani, tunaishi Houston, na kipato chetu cha pamoja hakifiki dola 160,000. Binti yetu wa miaka 19, ambaye ni tegemezi wetu, yuko mwaka wa pili wa shahada ya kwanza na anaishi bwenini. Fomu yake ya 1098-T (taarifa ya ada na ufadhili inayotolewa na chuo) ya mwaka 2025 inaonyesha ada ya dola 9,000 katika kisanduku cha 1 na ufadhili wa dola 11,000 katika kisanduku cha 5. Alinunua vitabu vya lazima vya dola 600, na kazi ya maktaba ilimpa dola 3,200. Tumeambiwa kwamba hatustahili nafuu yoyote. Je, ni kweli?

JIBU: Dada yangu, aliyewaambia hivyo ametoa kisanduku kimoja kwenye kingine akaishia hapo, ilhali sheria inawaruhusu kwenda mbele zaidi.

Ufadhili hautozwi kodi pale unapolipia ada, michango ya lazima, vitabu na vifaa vinavyotakiwa na somo. Ukilipia malazi na chakula, unakuwa kipato cha mwanafunzi mwenyewe, si cha wazazi. Kwa hesabu ya kawaida, dola 9,600 za ufadhili zinamaliza ada na vitabu, dola 1,400 zinabaki kuwa kipato cha binti, na ninyi hamna gharama ya kudaia nafuu.

Hata hivyo, ikiwa masharti ya ufadhili yanaruhusu fedha hizo kulipia gharama za maisha, na kama kweli alikuwa na gharama hizo, binti anaweza kuhesabu dola 5,400 kuwa zimelipia bweni na chakula, na kuzitangaza kuwa kipato chake. Ufadhili usiotozwa kodi unashuka hadi dola 5,600, na gharama za masomo za dola 4,000 zinabaki wazi. Hicho ndicho kiwango kinachowapa nafuu kamili ya American Opportunity, yaani nafuu ya kodi kwa gharama za masomo ya chuo: asilimia 100 ya dola 2,000 za kwanza na asilimia 25 ya dola 2,000 zinazofuata, jumla dola 2,500. Mnaidai ninyi mnaomtaja kuwa tegemezi, kwa fomu 8863, na hadi dola 1,000 kati yake mnarudishiwa hata kama hamdaiwi kodi.

Bila shaka utauliza kama mzigo hauhamii kwa binti. Kipato chake sasa ni dola 5,400 na 3,200, yaani 8,600. Katika kukokotoa makato ya kawaida ya tegemezi (sehemu ya kipato isiyotozwa kodi), ufadhili unaotozwa kodi huhesabiwa kama kipato cha kazi, hivyo makato yake kwa 2025 ni kipato hicho na dola 450 juu yake, ilimradi yasizidi 15,750. Yanafunika kipato chote, hadaiwi hata senti, na Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Kwa ufadhili mkubwa zaidi, kipato kikizidi makato hayo, tahadhari: kanuni ya fomu 8615, inayohusu kodi ya watoto wenye kipato kisichotokana na kazi, huuhesabu kuwa kipato kisicho cha kazi, na kinachozidi dola 2,700 kinaweza kutozwa kwa kiwango cha wazazi.

Kabla ya kujaza chochote, someni barua ya ufadhili neno kwa neno. Ikisema fedha ni za ada pekee, njia hii imefungwa kwa fedha hizo. Ombeni pia taarifa ya akaunti ya chuo, kwa sababu fomu 1098-T haionyeshi vitabu wala matumizi halisi ya ufadhili.

Wasomaji wenye watoto waliotoka nyumbani moja kwa moja kwa viza ya F-1 (viza ya mwanafunzi) wasiige hesabu hii: kwa kawaida, katika miaka mitano ya kwanza mwanafunzi huyo si mkaazi kikodi, na hana nafuu hii wala makato ya kawaida.

Nafuu hii hudaiwa kwa miaka minne tu kwa kila mwanafunzi. Kama mwaka wake wa kwanza mliuacha upite, rekebisheni ritani (taarifa yenu ya kodi) ya mwaka huo kwa fomu 1040-X ndani ya miaka mitatu tangu mlipoiwasilisha, naye binti atangaze kipato chake cha mwaka huo vilevile.